Kutoka kitandani hadi chooni: mwongozo kamili wa kumkinga mzee wako asianguke

Mama alianguka saa kumi alfajiri, hatua nne tu kutoka mlango wa uani. Nyumba yetu iko Ngamiani, Tanga, ile ya Kiswahili ya vyumba sita: baraza mbele, ukumbi katikati, choo na bafu uani. Alikuwa ameamka kwenda kukojoa. Umeme umekatika, dera limemzidi urefu, na pale kizingitini mtu alikuwa ameacha ndoo. Majirani waliokuja kutoa pole walisema neno lile lile: "Ndiyo uzee huo, mwanangu." Nililikubali kama wiki mbili hivi, mpaka siku nilipokaa na daftari nikaanza kuhesabu. Ndoo si uzee. Dera si uzee. Vidonge vya usingizi alivyokuwa ameuziwa duka la dawa wiki ile ile navyo si uzee.

Mzee haanguki kwa sababu moja. Mara nyingi hukutana mambo mawili matatu kwa pamoja: kitu cha sakafuni, kitu cha mwilini, na haraka. Ukiondoa hata kimojawapo, anajikwaa lakini anabaki wima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo si habari ya Japani peke yake, ambako karibu watu watatu katika kila kumi wana miaka 65 na zaidi. Wao wana wazee wengi. Sisi wa kwetu wanavuka vizingiti gizani kwa kandambili zilizolika.

Mimi si daktari, ni mtu aliyemuuguza mama yake. Mambo ya dawa nimeyaandika kama nilivyoelekezwa kliniki. Usibadilishe kidonge cha mtu bila kuuliza.

Hatua ya 1: Lala kwenye kitanda chake

Kabla hujanunua chochote, subiri usiku, zima taa zote, ulale kwenye kitanda cha mzee kwa nusu saa. Kisha amka uende chooni kama anavyokwenda yeye, kwa viatu vyake. Nilifanya hivyo na nilijiona kituko, lakini sikufika hata mlangoni kabla sijaona mambo matatu.

La kwanza ni chandarua. Pindo lake lilikuwa refu, limelala sakafuni upande ule ule anaoshukia. Ukiteremsha mguu gizani, dole gumba linaingia kwenye matundu na wavu unakufuata. Dawa yake ni kuchomeka chandarua chini ya godoro pande zote, kisha kuacha upande mmoja wa kutokea, pindo lake likiishia juu ya sakafu.

La pili ni kimo cha kitanda. Mzee akikaa ukingoni, nyayo zote mbili zikanyage sakafu na magoti yawe sawa na nyonga au chini yake kidogo. Vitanda vya zamani vya mninga vina miguu mirefu, mzee anashuka kama anayeruka. Fundi seremala anaikata kwa robo saa. Godoro la sakafuni nalo ni baya, kwa sababu kuinuka kutoka chini ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa miguu iliyochoka.

La tatu ni swichi ya taa, ambayo ilikuwa mlangoni, yaani anavuka chumba kizima gizani ili apate mwanga. Weka taa anayoifikia akiwa amelala. Kwa kuwa umeme unakatika, nunua na taa ndogo ya sola iwake ukumbini usiku kucha. Tochi ya simu haifai sana, inakula mkono mmoja ambao ungeshika ukuta.

Kama choo kiko uani na usiku anaamka zaidi ya mara moja, ongea naye kuhusu chombo cha usiku chenye mfuniko, chumbani. Usimpelekee mbele ya wajukuu. Mama alikikataa mwezi mzima, siku ya mvua kubwa akakiomba mwenyewe.

Na kuamka huko mara kwa mara kuna sababu zake pia. Mwanamume huenda ana tezi dume, mwanamke maambukizi ya mkojo, au sukari iko juu. Kama anatumia kidonge cha kukojosha, mfano furosemide, uliza kama anaweza kukinywa asubuhi. Jambo moja usilifanye: kumpunguzia maji kutwa nzima. Joto la pwani likimkuta hana maji mwilini, kizunguzungu ni hakika.

Hatua ya 2: Choo na bafu

Kama una fedha ya kurekebisha sehemu moja tu ya nyumba, iwe hii.

Anza na cha kushikia. Katika bafu nyingi mzee anashika bomba la maji, mlango, au ile reli ya taulo ya plastiki. Zote zitang'oka siku ya siku. Nenda kwa fundi wa kuchomelea, agiza kipande cha bomba la chuma la inchi moja, kisichoshika kutu au kilichopigwa rangi, chenye vibao vya kufungia kila mwisho. Unene huo unajaa kiganjani. Kati ya bomba na ukuta liache kama sentimita 4: vidole vipite, mkono wote usizame.

Usimwachie fundi aamue urefu. Mlete mzee mwenyewe, akae chooni, ainuke polepole huku mkono ukiutafuta ukuta, na pale kiganja kinapotua weka alama ya chaki. Afanye hivyo mara tatu. Chaki za mama zilikuwa karibu shubiri nzima chini ya pale fundi alipotaka kutoboa. Fundi mwenyewe ni kijana wa futi sita, na alikuwa anapima kwa mwili wake.

Ukuta ukiwa wa tofali za saruji, bomba lifungwe kwa bolti zinazopanuka ndani ya tundu, wala si misumari. Ukiwa wa udongo, au tofali zinazomeguka, usijidanganye: chimba sakafu, simika nguzo ya chuma kwenye zege kando ya choo. Baada ya siku kadhaa, mwanamume mzito aining'inie kabla ya mzee kuigusa.

Choo cha kuchuchumaa ni mtihani kwa magoti ya miaka 75. Wengi wanatoboa kiti cha plastiki na kukiweka juu ya tundu. Usifanye hivyo, au angalau usifanye kwa kiti chepesi: miguu yake ikiwa juu ya sakafu yenye maji hutanuka, na mzee hushuka nacho. Kwa huyo huyo fundi wa kuchomelea agiza stuli ya chuma yenye tundu, miguu minne imara yenye vifuniko vya mpira, na sehemu za kuegemeza mikono pande zote mbili. Kimo chake kilingane na urefu kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti lake.

Kuoga, aoge amekaa, ndoo iwe juu ya kibao kingine usawa wa kiuno. Kuinama kuchota maji kwa kopo, macho yamejaa sabuni, ndiko kunakowaangusha.

Sakafu ya vigae vinavyong'aa ni nzuri kwenye picha. Yenye maji na povu ni barafu. Tandika mkeka wa mpira wenye vinyonyeo chini yake, au mpe fundi saruji kazi ya kupiga sakafu ya kukwaruza. Na mwenye kupiga deki apige mzee akiwa amekaa barazani, si wakati anapotaka kupita.

Neno kuhusu udhu, kwa sababu sioni likiandikwa. Mzee anayenyanyua mguu hadi kwenye sinki ili auoshe anasimama kwa mguu mmoja, juu ya maji, saa kumi na moja alfajiri, akiwa bado na usingizi. Mpe kigoda, birika na beseni atawadhe amekaa. Kwenye swala, akiwa anapepesuka akiinuka kutoka sijda, aswali kwenye kiti. Akisita, usibishane naye wewe. Mwombe imamu wa msikiti wake amwambie kwamba asiyeweza kusimama ameruhusiwa kukaa. Neno la imamu lilimaliza kwa dakika mbili ubishi wetu wa miezi.

Hatua ya 3: Kizingiti, sakafu, nguo na viatu

Hapa ni haraka. Kila ngazi na kila kizingiti kipigwe mstari mpana wa rangi nyeupe au njano ukingoni, kwa kuwa macho ya mzee hayaoni kina. Mikeka na mazulia madogo kwenye njia yake yaondoke; msala ubaki, lakini uwekewe wavu wa mpira chini. Waya wa feni upite ukutani. Ndoo, viatu vya watoto na jiko la mkaa viwe na mahali pake, na kila anayelala nyumba hiyo apajue, pamoja na dada wa kazi. Baba na babu wanaopanda stuli kubadilisha balbu wakatazwe, hata wakikasirika.

Dera lipandishwe upindo mpaka fundo la mguu lionekane. Kanga ifungwe, isiburuzwe. Kanzu vile vile.

Viatu: kandambili ni adui, kwa kuwa mzee hulazimika kuvibana kwa vidole na kuburuza mguu. Soksi tupu kwenye vigae ni mbaya zaidi. Mtafutie ndara zenye mkanda nyuma ya kisigino, soli nyembamba isiyobonyea sana na yenye meno. Kila wiki mtazame nyayo: kucha ndefu, sugu, kidonda. Mwenye kisukari anaweza kuwa na miguu iliyokufa ganzi akakanyaga kitu asijue.

Hatua ya 4: Mwaga mfuko wa dawa mezani

Kila mzee ana mfuko wa plastiki wenye dawa. Umwage wote mezani, pamoja na za kienyeji na alizopewa na shoga yake. Panga makundi mawili: alizoandikiwa na alizonunua tu. Kisha tafuta hizi:

- za usingizi na wasiwasi, kama diazepam;
- za mafua na mzio zinazoleta usingizi, kama Piriton, na promethazine;
- amitriptyline, ambayo hutolewa kwa ganzi, maumivu au huzuni;
- za maumivu makali, kama tramadol;
- za presha, hasa zikiwa zaidi ya aina moja;
- za sukari kama glibenclamide, ambazo hushusha sukari kupita kiasi mzee akinywa bila kula.

Kuikuta hapo haina maana uitupe. Dawa ya presha ikikatwa ghafla inaweza kuleta kiharusi, na diazepam iliyotumika muda mrefu huachwa kwa kupunguzwa kidogo kidogo. Beba mfuko mzima, nenda nao kliniki, na uulize: kati ya hizi ni ipi inayompa kizunguzungu, na ipi hahitaji tena? Hospitali na vituo vingi vya serikali Tanzania vina dirisha la wazee. Litumie, wala usione haya kuuliza.

Kabla ya kwenda, mpime presha mwenyewe kama una kipimo. Alale dakika 5, pima. Asimame, pima baada ya dakika 1 na tena baada ya dakika 3, mtu akiwa kando yake. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, damu inachelewa kupanda kichwani akisimama. Wengi hupimwa wakiwa wamekaa tu, hivyo jambo hili halionekani. Andika namba zote tatu, uzipeleke.

Wakati unasubiri majibu, mzoeshe hivi: akiamka akae ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo juu chini mara ishirini, anywe maji kidogo, asimame akishikilia, ahesabu hadi kumi, ndipo aondoke.

Hatua ya 5: Miguu

Unaweza kuitengeneza nyumba yote, lakini mzee asiye na nguvu mapajani ataanguka msikitini, kanisani, au akishuka daladala. Kwa maoni yangu hatua hii ndiyo inayopuuzwa zaidi, kwa sababu sisi tunaona heshima ni kumwambia mzee "kaa, tutakuletea". Tunamkalisha mpaka miguu inasahau kazi.

Mpime kwanza. Kiti imara kiwe ukutani, tia alama mita 3 mbele yake. Ukisema "haya", ainuke, atembee mwendo wake wa kawaida hadi alama, ageuke, arudi, akae. Ikichukua sekunde 12 au zaidi, yuko hatarini. Kipimo cha pili: mikono kifuani, ainuke na kukaa mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Mwanamke wa miaka 75 asiyefikisha mara 10, au mwanamume wa umri huo asiyefikisha 11, ana miguu dhaifu. Cha tatu: kisigino cha mguu mmoja kigusane na vidole vya mwingine, kama anayetembea juu ya kamba, asimame hivyo sekunde 10. Wewe kaa karibu, mikono tayari.

Kisha mazoezi. Shirika la Afya Duniani linashauri wazee wafanye mazoezi ya kusimama imara na ya nguvu angalau siku 3 kwa wiki. Mpango uliobuniwa Otago, Nyuzilandi, wa mazoezi ya nyumbani pamoja na kutembea, ulipunguza kuanguka kwa karibu asilimia 35, na mengi yake hayataki kifaa ghali. Sisi tunafanya haya, barazani, baada ya chai:

Kuinuka kitini na kukaa polepole, mara 10. Akiweza bila mikono, vizuri. Kushika mgongo wa kiti na kupanda juu ya vidole, mara 10, kisha kusimama kwa visigino. Kutembea kiupande kando ya ukuta, kwenda na kurudi. Kutembea kisigino kwa kidole, mkono mmoja ukutani. Mwisho, kusimama mguu mmoja akiwa ameshikilia kiti. Wiki zikienda, anaachia kidole kimoja kimoja. Akipata maumivu ya kifua au pumzi ikikatika, aache, muende hospitali.

Mama alianza kwa kuinuka mara nne akipumua kama aliyebeba gunia. Mwezi wa tatu alifika tisa. Jirani yetu Bi mkubwa mmoja akaja kutazama, akaomba kiti chake.

Na miguu haijengwi kwa chai na mkate. Mzee anayeishi peke yake mara nyingi hicho ndicho anachokula, kwa kuwa meno yamekwisha na kupika kunachosha. Dagaa wa kusagwa, maharage, yai, maziwa, samaki laini: kimojawapo kila mlo.

Macho na bakora

Mpeleke akapimwe macho kila mwaka. Mtoto wa jicho anaondolewa kwa operesheni ndogo, na kumwondoa kunapunguza kuanguka. Miwani ya sehemu mbili, ya kusomea chini na kuonea mbali juu, inamchanganya kwenye ngazi: akitazama chini anapita kwenye kioo cha kusomea, na ngazi inakuwa ukungu.

Bakora ikatwe kwa kipimo chake. Asimame amevaa viatu, mikono imening'inia. Kichwa cha bakora kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Aishike kwa mkono ulio upande wa mguu mzima, si wa mguu mbovu. Wengi hukosea hapa. Chini iwe na mpira, nao ubadilishwe ukilika. Ngazini: kupanda mguu mzima unatangulia, kushuka mguu mbovu na bakora vinatangulia.

Akianguka

Usimnyanyue mara moja. Najua mkono unataka. Kaa naye chini, mwulize anasikia maumivu wapi. Ukiona mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje, au analalamika kinena na hawezi kuunyanyua, hesabu kwamba nyonga imevunjika. Asisimamishwe, asichuliwe, asipakizwe bodaboda. Mlaze juu ya ubao au mlango, mguu umeegemezwa kwa mito, hospitali. Kumpeleka kwanza kwa mtu wa kuunga mifupa kunapoteza muda. Operesheni ya nyonga ikifanyika ndani ya siku mbili za mwanzo, mzee ana nafasi nzuri zaidi ya kutembea tena.

Akigonga kichwa, naye anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarin, nenda hospitali hata akisema hajambo. Kwa wengine wote, tazama kwa wiki kadhaa: kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, kulala sana, kuchanganya maneno, mguu kuburuza. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu.

Kama hajaumia, mfundishe kuinuka mwenyewe, tena mfundishe kabla hajaanguka, juu ya mkeka, siku ya raha. Ageukie ubavu, asukume kwa mikono hadi apige magoti, atambae hadi kwenye kiti kizito, aweke mikono juu yake, mguu wenye nguvu utangulie mbele, ajisukume, ageuke, akae. Apumzike kabla ya kusimama. Anayeishi peke yake avae simu ndogo shingoni. Iliyo juu ya kabati haitamsaidia aliye sakafuni.

Halafu chukua daftari. Andika siku, saa, mahali, alikuwa anafanya nini, amevaa nini, amekunywa dawa gani. Ziandike na zile za kunusurika, ambazo wazee huzificha kwa kuogopa kukatazwa kutoka. La mama lina mistari minne. Wa mwisho unasema: "Jumapili, saa tano asubuhi, barazani. Aliinuka haraka kumpokea mgeni. Alishika nguzo." Kliniki walipousoma, wakampima presha akiwa amesimama, wakapunguza dozi ya kidonge kimoja.